Kalamu ya Mti Iliyopasuka

Wanafunzi, tazameni kalamu mnazoandikia. Ganda lake ni la plastiki. Zilitoka kwa maelfu katika kiwanda kikubwa, na zote zinafanana kama punje za mahindi. Lakini ziko kalamu nyingine ambazo ganda lake ni la mti. Ndani zina wino na ncha kama zenu. Nje ni mti uliokerezwa ukawa laini kama yai, na hakuna iliyo sawasawa na mwenzake, kwa sababu mistari ya mti mmoja si mistari ya mti mwingine.

Fundi wa kalamu hizo hufanya kazi nzuri, lakini ni kazi yenye hatari ya hasara. Mti hupasuka. Hupasuka kwa fundi mjinga, hupasuka na kwa fundi hodari. Basi fundi afanye nini mti unapopasuka mikononi mwake? Je, autupe motoni? Hapana. Mara nyingi unaweza kutengenezwa. Lakini kwanza sharti kujua namna kalamu inavyofanywa.

Kazi ilivyo

Fundi huchukua kipande cha mti mkavu, chenye pande nne. Unene wake ni kama santimeta 2, na urefu wake kama santimeta 13. Hukikata katikati kwa msumeno, vipate kuwa vipande viwili: kimoja cha juu ya kalamu na kimoja cha chini. Huandika alama kwa penseli mahali pa kukata, ili mistari ya mti ipate kukutana tena kalamu itakapounganishwa. Mwanafunzi anayesahau alama hiyo atapata kalamu ambayo juu yake na chini yake ni kama watu wawili wasiojuana.

Halafu hupekecha tundu katikati ya kila kipande, toka mwisho mmoja mpaka mwisho wa pili. Katika tundu hilo hutia mrija mwembamba wa shaba ya manjano. Katika kalamu nyembamba mrija huo una upana wa milimeta 7 na urefu wa santimeta 5 na kidogo. Kabla ya kuutia huusugua kwa msasa, maana gundi haishiki vema juu ya shaba inayong'aa. Tena huziba midomo yake kwa nta, au hubonyeza kila mdomo katika kipande cha kiazi kibichi, ili gundi isiingie ndani. Gundi ikikauka, kiazi hutolewa, na shaba ni safi.

Sasa vipande viwili huvikwa juu ya chuma chembamba kilichonyoka, pamoja na pete ndogo za chuma kila upande. Chuma hicho huwekwa katika kerezo. Kerezo ni mashini inayozungusha mti, nao mti huzunguka mara 2,000 kwa dakika, hata zaidi. Fundi hushika patasi kali, huiegemeza juu ya chuma cha kuegemea, naye hugusa mti polepole. Vumbi na nyuzi za mti huruka. Pembe nne hupotea, na mti huwa mviringo. Fundi huendelea mpaka mti umelingana na pete za chuma. Hapo mti umebaki mwembamba sana: kandokando ya pete haufiki hata milimeta moja juu ya shaba. Fikirini wembamba huo! Kwa sababu hiyo jeraha dogo, ambalo katika mguu wa meza hakuna mtu angeliona, katika kalamu ni jambo kubwa.

Kwa nini mti unapasuka

Sababu ni nyingi, na nyingine hutokea kabla kerezo haijaanza kuzunguka.

Sababu ya kwanza ni maji. Mti mbichi hujikunja unapokauka. Ukiushika juu ya shaba kwa gundi ukiwa bado mbichi, utataka kujikunja, lakini shaba haijikunji. Basi mti utapasuka, labda siku ile, labda baada ya miezi mitatu mkononi mwa mnunuzi. Mafundi wengi huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila santimeta 2 na nusu za unene wa ubao. Fundi mwenye mizani ndogo hupima kipande chake kila juma. Siku uzito usipopungua tena, mti umekauka.

Sababu ya pili ni moto wa kekee. Kekee butu, au inayozunguka upesi mno, hutia joto katika tundu, na joto hupasua mti toka ndani. Fundi hupekecha polepole, tena kila mara huivuta kekee nje ili itoe unga. Mwisho wa tundu ni mahali pa kuogopwa zaidi, maana kekee inapotoboa upande wa pili husukuma vibanzi nje. Dawa yake ni kuweka ubao mwingine usio na kazi nyuma ya kipande, au kuacha kipande kirefu kuliko haja na kukata mwisho baadaye.

Sababu ya tatu ni patasi butu. Patasi kali hukata. Patasi butu hupiga. Na mti mwembamba ukipigwa, huvunjika.

Sababu ya nne ni gundi kidogo. Kama chini ya mti pana mahali patupu pasipo gundi, mti hauna kitu cha kuuegemea. Fundi mwenye sikio hujua: hugonga kipande kwa ukucha, naye husikia sauti ya utupu.

Mguu wa kiti cha mwalimu

Katika mji mmoja wa Katanga, mama mmoja alimletea fundi wa kalamu mguu wa kiti. Kiti kilikuwa cha baba yake. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa shule, naye aliketi juu ya kiti kile miaka mingi akisahihisha madaftari ya watoto. Alipokufa, kiti kilibaki katika ghala, na mchwa wakakila. Miguu mitatu ilikuwa unga tu. Mguu wa nne ulikuwa bado na santimeta 42 za mti mzima. Ulikuwa mti wa mukula, mwekundu, mzuri.

Mama akasema: «Baba fundi, nina watoto watatu. Nataka kila mmoja awe na kalamu iliyotoka katika kiti cha babu yao.»

Fundi akapima. Kalamu tatu zataka santimeta 39. Zimebaki 3 tu, na msumeno nao hula mti. Akasema: «Mama, itawezekana. Lakini hakuna kipande cha kukosea.»

Kalamu ya kwanza ikatoka vizuri, na ya pili pia. Katika kalamu ya tatu, fundi alikuwa karibu kumaliza kipande cha chini. Mara akasikia mlio: tak! Kibanzi kikaruka. Fundi akazima mashini palepale, asiguse kitu. Palikuwa na shimo upande mmoja wa mti, na ndani yake shaba ilionekana iking'aa. Mchwa mmoja alikuwa amepita ndani ya mti ule, akaacha njia nyembamba isiyoonekana kwa nje. Patasi ilipofika juu ya njia ile, mti haukuwa na kitu chini yake.

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi akatazama shimo. Akasema kwa sauti ndogo: «Baba, pale pembeni tunayo mukula nyingine. Rangi ni ileile. Mama yule hatajua.»

Fundi akajibu: «Hatajua. Lakini mimi na wewe tutajua. Chukua taa, tafuta kibanzi.»

Ndiyo kazi ya kwanza ya kila fundi jambo kama hilo linapotokea: kuzima mashini, kuacha kipande mahali pake juu ya chuma, na kutafuta kibanzi kilichoruka. Hakuna dawa iliyo bora kuliko kibanzi chenyewe, maana mistari yake yafuata mistari ya mti. Lakini kutafuta kibanzi katika vumbi la mbao ni kama kutafuta sindano kichakani. Kwa hiyo mafundi wenye akili hufagia chini ya kerezo kabla ya kuanza kukata sehemu nyembamba, tena hutandika karatasi nyeupe. Hapa karatasi haikutandikwa. Kijana akapiga magoti, akachambua takataka zote kwa vidole. Mwishoe akakiona kibanzi hakiko chini: kilikuwa kimeshikwa katika mkunjo wa nguo yake, kifuani. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa mtoto. Ncha yake moja ilikuwa imevunjika, na hiyo haikuonekana tena.

Gundi inayoshika upesi

Fundi akaleta chupa ndogo ya gundi, ile inayoshika kwa muda mfupi sana. Wenye elimu huiita sianoakrilati. Historia yake yafaa kujulikana. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, Mmarekani Harry Coover na wenzake walikuwa wakitafuta plastiki safi kama kioo kwa ajili ya shabaha za bunduki. Walipata kitu kilichonata juu ya kila chombo, wakakiacha kwa hasira. Mwaka 1951 walikutana nacho tena katika kazi nyingine, na safari hiyo wakaelewa kwamba kunata kwake ndiko faida yake. Tangu mwaka 1958 kimeuzwa kama gundi.

Gundi hii haikauki kama nguo inavyokauka juani. Yenyewe yataka unyevu. Unyevu kidogo ulio hewani na katika mti huigeuza kuwa ngumu. Ndiyo sababu tone jembamba hushika upesi, na tone nene hukawia: unyevu haufiki ndani yake. Iko gundi nyepesi kama maji, na iko nzito kama asali. Ile nyepesi huingia yenyewe katika ufa mwembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Ile nzito hujaza mashimo.

Lakini angalieni hatari zake. Hushika vidole pamoja, na mvuke wake huchoma macho. Fundi huvaa miwani, hufungua madirisha, naye haitii juu ya mti unaozunguka kwa nguvu, maana itamrukia usoni. Kuifuta hutumia karatasi, wala si kitambaa cha pamba. Gundi hii ikilowesha pamba huwa moto sana, hata kuunguza ngozi. Tena kitambaa chochote karibu na kerezo chaweza kushikwa na mashini na kuvuta mkono. Kidole kikishikwa na gundi, usikivute kwa nguvu. Kitie katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na kuvumilia.

Kutengeneza

Fundi akasafisha shimo kwa brashi kavu. Hakuligusa kwa kidole, kwa sababu vidole vina mafuta. Akapaka nta juu ya pete za chuma, ili gundi isizishike pamoja na mti. Kisha akajaribu kibanzi bila gundi, akakigeuza hivi na hivi mpaka kikaketi mahali pake.

Njia ya mchwa ilikuwa bado tupu. Kama fundi angefunika utupu ule tu, kibanzi kingeruka tena. Hapo akamwuliza kijana: «Unga wa kekee uko wapi?» Kijana, kwa amri ya fundi, alikuwa amehifadhi katika karatasi unga wote uliotoka katika tundu za mguu ule. Fundi akaujaza unga katika njia ya mchwa, akaushindilia kwa ncha ya sindano, akatia tone moja la gundi nyepesi. Akangoja. Akatia unga tena, na tone tena. Safu nyembamba nyingi ni imara kuliko safu moja nene.

Kisha akatia gundi kidogo, akaweka kibanzi, akakibonyeza kwa kipande cha plastiki laini, ile ya mifuko, maana gundi haiishiki sana. Akahesabu polepole mpaka mia. Alipoondoa plastiki, kibanzi kilibaki.

Kulibaki pengo moja, mahali pa ncha iliyopotea, dogo kama punje ya mchele. Hapa fundi alitaka kusikia neno la mwenye mti. Akamwita mama, akamwonyesha kila kitu, na pengo pia. Akamweleza kwamba pengo laweza kujazwa kwa namna mbili. Unga wa mti uleule utashika vizuri, lakini gundi huutia weusi, nao utaonekana kama alama. Au laweza kujazwa kwa malakiti iliyopondwa, lile jiwe la kijani la Katanga, ambalo wazee wa zamani waliliyeyusha kupata shaba. Jiwe hilo ni laini kuliko mawe mengi, hukubali msasa, na kijani chake juu ya mti mwekundu ni pambo. Fundi mwenyewe alipenda jiwe. (Nalo lina hatari yake: vumbi lake ni sumu kifuani, na anayelisaga hulilowesha maji na kufunika pua.)

Mama akafikiri. Akasema: «Jiwe ni zuri, Baba. Lakini halikuwa katika kiti.»

Basi fundi akajaza unga. Akaiacha gundi mpaka kesho yake, ingawa kijana alikuwa na haraka. Asubuhi akanoa patasi upya. Hiyo ni sheria isiyokosekana: patasi iliyovunja mti haigusi tena mti huo kabla ya kunolewa. Akakata kidogo sana, kama anayenyoa. Mwishoni hakutumia patasi hata kidogo, bali msasa tu: kwanza wa namba 220, kisha 400, kisha 600, na kila mara akizima mashini na kusugua pia kwa urefu wa mti, ili mikwaruzo ya mviringo isibaki. Akapaka nta.

Kalamu tatu zikawekwa mezani. Watoto wakaja. Mtoto mdogo ndiye aliyechagua ya tatu, ile yenye alama nyeusi. Kaka yake akamwuliza kwa nini. Akajibu: «Zote zinafanana. Hii hamtaweza kusema ni yenu.»

Majeraha mengine

Si kila jeraha ni kama lile la mguu wa kiti. Ufa mwembamba kama unywele hautaki unga. Gundi nyepesi yatosha, ikitiwa mashini imesimama. Mrija ukilegea ndani ya mti, gundi nyepesi hutiwa toka mwisho wa kipande, kikisimamishwa wima ili ishuke yenyewe. Mahali pasipo kibanzi, mafundi hujaza unga wa mti, au vumbi la tupa la shaba ya manjano, au hata kahawa iliyosagwa, ambayo juu ya mti mweusi kama wenge haionekani.

Ikiwa mwisho mmoja wa kipande umevunjika na shaba imebaki uchi, kibanzi kidogo hakitashika. Fundi hukata mti ulioharibika kuzunguka mrija, mpaka mahali palipo pazima, naye hufanya pete ya mti mwingine, mweupe au mweusi, na kuishika pale kwa gundi. Anayeinunua kalamu hiyo hudhani pete ni pambo lililokusudiwa. Jambo moja tu fundi halikubali: kuupunguza mrija wenyewe. Mrija ukiwa mfupi, ncha ya kalamu haitaingia tena ndani, nayo itachafua mfuko wa shati.

Na mara nyingine mti umevunjika vipande vipande, wala hakuna la kufanya. Hapo fundi hukereza mti wote, mpaka shaba ibaki peke yake. Huisugua kwa msasa, naye huanza tena na mti mwingine. Mti ukiwa wa kununua sokoni, hasara ni ndogo. Lakini hata sokoni miti mizuri haipatikani kama zamani. Mukula imekatwa mno katika misitu ya Katanga na kupelekwa mbali. Tangu mwaka 2019 imo katika orodha ya miti isiyoweza kuuzwa toka nchi moja hata nyingine pasipo kibali. Vipande vyake vidogo, ambavyo seremala wa viti na meza hutupa motoni, vyatosha kabisa kwa kalamu, nao mafundi wa kalamu huenda kuviomba mlangoni mwake.

Maulizo

Kwa nini fundi hubonyeza mrija wa shaba katika kiazi? Mti mbichi unapasukaje juu ya shaba? Kalamu tatu zilitaka santimeta ngapi za mti, na ngapi zilibaki kwa msumeno? Kijana alikiona wapi kibanzi? Kwa nini fundi alijaza njia ya mchwa kabla ya kurudisha kibanzi? Mama alikataa nini, na alitoa sababu gani? Wewe ungalichagua nini?

Kazi: Tafuteni vipande vitatu vya miti mbalimbali mahali anapofanya kazi seremala wa kwenu. Ulizeni majina yake. Vipimeni uzito leo na baada ya juma moja, mwandike katika daftari ni kipi kilichopungua.